Nilimwambia mama mkwe ukweli Bangkok, mume wangu hajui mpaka leo

Admin, jina langu baki nalo wewe. Nina miaka hamsini na mbili, mwalimu mstaafu, naishi Ibra, Oman. Wazee wangu walirudi huku kutoka Tabora. Watu wa mume wangu wametoka Unguja mjini, na kwa mama yake, Mungu amrehemu, hilo peke yake lilitosha kunidharau. Miaka kumi na moja nilikuwa "yule wa bara." Nikipika wali, umerojeka. Nikisema neno, ananitaka nilirudie mbele ya wageni ili wapate kucheka. Nilikuwa nacheka nao. Mimi si mpole, ila nilikuwa najua kungoja.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili mama mkwe akaanza kukonda na kulalamikia tumbo. Mume wangu akatukatia tiketi za Bangkok, mimi na mama yake tu, maana mimi ndiye niliyejua Kiingereza. Siku hizo wikiendi yetu Oman ilikuwa Alhamisi na Ijumaa, kwa hiyo mume wangu akapanga tumalize kila kitu Jumamosi. Hakufikiria kwamba wenzetu Jumamosi ndiyo wanapumzika. Ijumaa mchana daktari akaniita pembeni, akanionyesha picha: saratani ya kongosho, imeshasambaa, miezi sita hivi. Mengine akasema tuyazungumze Jumatatu. Tukabaki na siku mbili za bure.

Nikampigia mume wangu kwa simu ya hoteli. Alilia, kisha akasema nimwambie mama yake ni vidonda vya tumbo. Kwetu ndivyo inavyofanywa, mgonjwa huwa wa mwisho kujua. Nikamwambia vidonda. Akashukuru Mungu, akala vizuri siku hiyo.

Nilidhani atataka maduka, kama wenzake wote wanaokwenda Bangkok wakarudi na masanduku manne. Akasema vitambaa vipo sokoni Matrah, yeye anataka kuona mji. Basi Jumamosi asubuhi tukaenda bustani kubwa katikati ya mji, yeye kabeba chupa yake ya kahawa na tende kutoka nyumbani. Wazee wa kule walikuwa wanafanya mazoezi pamoja, polepole, kimya. Akawatazama sana. Alikuwa na furaha ya mtoto, na mimi, naapa, nilianza kumwonea huruma.

Mara kenge akatoka ziwani, mkubwa, akapita karibu yetu, na hakuna aliyemfukuza.

Mama mkwe akasema, "Tizama, kenge anatembea bustanini na watu wamemzoea. Ndiyo kama nyumbani kwangu." Akanimiminia kahawa. "Lakini khalas, yamekwisha. Nikirudi inshallah namuozesha mwanangu bint wa watu, wa mji wa Sinaw. Nishasema na mama yake. Wewe utakaa na wanao, hatukufukuzi."

Nikasema, "Harusi hiyo huiwahi, mama. Huna vidonda vya tumbo. Daktari kasema miezi sita."

Hakupiga kelele. Aliifunga ile chupa ya kahawa, taratibu, mpaka ikakaza. Kisha akauliza, "Ramadhani itanikuta?" Nikamwambia sijui. Akauliza kama mwanawe anajua. Nikasema anajua, na ndiye aliyenikataza. Hapo ndipo hofu ikanishika, nikamwomba, nikamshika miguu pale kwenye nyasi, asimwambie mwanawe kwamba nimemwambia, maana ataniacha. Akanitazama. Akasema, "Inuka, watu wanatuona. Twende tukapande boti."

Siku mbili zile tulizunguka mji mzima. Kwenye boti za mifereji alikaa mbele kabisa, ananiuliza kile nini, hiki nini, nami namtafsiria. Jumapili tukaenda soko la maua. Hakununua hata ua moja, alinusa tu.

Alinitunzia siri. Miezi saba aliishi kama asiyejua. Binti zake walimletea maziwa ya mbuzi na asali kutoka milima ya Dima wa Tayyin kwa ajili ya "vidonda," akanywa, akasema vinapona. Aligawa kanga zake akidai kabati limejaa. Hakuandika wasia, kwa sababu angeandika, wangejua. Hakuna aliyemwomba radhi, na yeye hakumwomba mtu, kwa sababu hiyo hiyo. Ndugu zangu, mgonjwa wa kufa alikosa kuagana na watoto wake ili mimi nisiachwe. Habari ya harusi hakuitaja tena.

Siku tatu kabla hajafa, watoto wamemzunguka, akanishika mkono, akamwambia mume wangu, "Katika nyumba hii, mkweli ni huyu mkeo peke yake." Mume wangu aliyachukua kama dua. Kila Idi anayarudia mbele ya ukoo, na anaongeza kwamba nilimstarehesha mama yake siku mbili bila ya kumvunja moyo. Mimi nagawa halwa.

Sasa wifi yangu, binti yake mdogo, ameanza kukonda na kulalamikia tumbo. Tiketi za Bangkok zimeshakatwa, na mume wangu kaniteua mimi. Kasema, "Likiwa baya mfiche, kama ulivyomficha mama." Juzi wifi kanipigia kwa siri. Kasema, "Mama alisema wewe ndiye mkweli. Mume wangu na wanangu watanidanganya. Niapie utaniambia."

Nimemwapia. Na mume wangu nimemwitikia vilevile.

Mtasema nimwambie wifi ukweli, ni haki yake. Lakini mimi mama yake sikumwambia kwa sababu ya haki. Nilimwambia aumie, na kwa muda ule aliokuwa anaifunga chupa ya kahawa, niliona raha. Nikimwambia mume wangu hilo, namnyang'anya mauti mazuri ya mama yake. Nikinyamaza, nakwenda kukaa tena bustani ile na binti wa mama yule. Tunaondoka wiki ijayo. Nitukaneni kwanza mkitaka, kisha nishaurini, nifanye nini?