Milioni Moja na Moja

Enzi zetu za shule ya msingi kule Igamba, penseli moja ilikatwa vipande viwili, na mwenye bahati ndiye aliyepata upande wenye raba. Juni ilikuwa na baridi ya kupasua midomo. Asubuhi tulikula kande za jana, na tukitoka shule tulicheza rede mpaka mama aanze kufoka: "Kahawa haijafunikwa, nanyi mnarushiana mpira!" Hapo tulikimbilia vichanja vya kuanikia, tukaifunika kahawa. Watoto wa leo ukiwatuma kikombe tu, wanauliza kwa nini asitumwe mwingine.

Tulipokuwa darasa la saba, mwalimu wa Hesabu aliandika ubaoni 1,000,001. Akasema ziko namba, mbali na moja na yenyewe, zinazoigawanya bila baki. Atakayemletea mojawapo kabla ya Ijumaa kwisha atafundishwa naye bure kila jioni mpaka mtihani.

Rafiki yangu Sekela aliihitaji nafasi ile kuliko sisi sote. Baba yake alikwishapokea ng'ombe wa mahari kutoka Isongole, ila alimheshimu sana mwalimu, akasema mwalimu akimchagua binti yake, harusi itasubiri.

Tulijua inatosha kujaribu namba tasa tu, maana ikigoma kwa tatu, kwa tisa nako itagoma. Sekela akapiga magoti kando ya vichanja, akawa anagawanya kwa kijiti ardhini: tatu, saba, kumi na moja, kumi na tatu. Mimi jibu nililipata Jumanne, tena kwa kubahatisha. Nilijaribu 101 kwa sababu ilifanana nayo, moja huku na moja huku. Ikatoka 9,901, hakuna baki. Sikumwambia mtu.

Alhamisi Sekela alinijia, magoti yamejaa vumbi. "Nimefika tisini na saba, zote zinabakiza. Niendelee?"

Namba tasa inayofuata tisini na saba ni mia moja na moja.

"Ikigoma mpaka mia, basi tena, mwalimu ametutega tu," nikamwambia. "Kapumzike."

Akafuta hesabu zake kwa unyayo. Ijumaa nilinyoosha mkono, na Sekela akanipigia makofi pamoja na darasa zima. Msimu wa kahawa ulipokwisha, wakaja watu wa Isongole kumchukua.

Ulikuwa wivu, sina jina jingine la kuupa. Alinizidi kila jaribio, na nilichoka kuwa wa pili.

Siku hizi binti yangu anaiuliza simu, na majibu yote yanatoka kabla sijavaa miwani. Ananicheka kwamba tulijitesa bure. Namcheka naye, hajui utamu wa kuhangaika na hesabu moja wiki nzima. Lakini laiti Sekela angekuwa na simu ile, asingehitaji kuniuliza mimi.

Mwaka juzi nilimkuta gulioni Isongole akiuza maharage, amechakaa kunipita kwa miaka mingi. Akanikumbatia, akawaita watoto wake.

"Msalimieni mwenzangu," akawaambia. "Huyu ndiye aliyekuwa na akili darasani kwetu."

Wakaniamkia shikamoo, mmoja mmoja. Nikaitikia marahaba.