Namba za Mwalimu Anaeli: nilisomea muziki chuo kikuu, nikarudi kuua kikundi cha tarumbeta kilichonilea

Wakuu, heshima kwenu.

Humu mimi ni mtu wa kupita tu. Nasoma, nacheka, naondoka. Leo nimeandika kwa sababu kuna jambo limenikaa kooni tangu mwaka jana, na mke wangu ameshachoka kulisikia. Ni kweli tupu, nilichobadilisha ni majina. Watu wa Akheri mtakaonitambua, naomba mnivumilie.

Mimi ni mwalimu wa muziki. Nina digrii kabisa, ya kupiga ala na kufundisha. Kwa sasa nafundisha shule moja binafsi hapa Arusha mjini, nimepanga Engutoto. Mnaotaka kuuliza "muziki nao unasomewa?" ulizeni tu, mama mkwe wangu mpaka leo anauliza.

Niwape background kidogo.

Kwetu ni Akheri, huko juu kwenye migomba na kahawa. Usharika wetu wa Kilutheri ulikuwa na kikundi cha tarumbeta. Watu wazima kumi na mmoja, wakulima na mafundi, wenye matarumbeta ya shaba makubwa kwa madogo yaliyoletwa na wageni Wajerumani zamani hizo. Besi, lile kubwa kuliko yote, lilikuwa na kiraka alichochomelea fundi wa magari wa Tengeru.

Walipiga Pasaka, Krismasi na harusi. Ila kazi yao kubwa ilikuwa misiba. Wameru tunazika nyumbani, shambani kwa marehemu mwenyewe, na kwetu jeneza lilikuwa halishuki bila tarumbeta.

Kiongozi wao alikuwa Mwalimu Anaeli. Shule aliishia darasa la nne, ualimu wake ulikuwa wa tarumbeta tu. Mfupi, mpole, mikono imekauka kwa kahawa.

Sasa Mwalimu hakujua nota, yale madude ya mistari mitano. Alifundisha kwa namba.

Iko hivi. Tarumbeta lina vitufe vitatu. Yeye anakuandikia ubonyeze kipi: 1, 2, 12, 23. Sifuri maana yake usibonyeze kitu. Na kwa kuwa kitufe kile kile kinatoa sauti tatu nne kutegemea unavyobana midomo, aliweka kistari juu ya namba kwa sauti ya juu, na kistari chini kwa sauti ya chini. Nyimbo zote zilikuwa kwenye daftari moja kubwa la jalada jeusi.

Kabla ya kupuliza, tuliimba namba kwanza. "Sifuri, moja-mbili, moja, sifuri." Watu wazima wamekaa kwenye mabenchi wanaimba hesabu kwa sauti nne. Mgeni akipita anaweza kudhani tumerogwa. Lakini mimi nilianza hivyo nikiwa darasa la tano, na ndani ya miezi miwili nilikuwa napiga kanisani.

Kulikuwa na wimbo mmoja aliutunga mwenyewe mwaka aliomzika mkewe. Hauna maneno, tuliuita wa mgombani. Tarumbeta la kwanza linauliza, linanyamaza. La pili na besi yanajibu. Linauliza tena, yanajibu tena.

La kwanza nilikuja kupiga mimi. La pili lilikuwa la Mwalimu mwenyewe, miaka yote. Besi lilikuwa la Baba Nuru, jirani yetu, fundi ujenzi, na kwenye wimbo huo wengine wote walimfuata yeye. Kila mwanakikundi alijua siku yake ikifika atapigiwa huo.

Nikapata chuo, mbali na nyumbani. Kozi inataka uje na ala yako, na mimi sina hata filimbi. Mwalimu akanipa tarumbeta lake, lililokuwa zima kuliko yote. Yeye akabaki na moja ambalo kitufe cha kati kikibonyezwa kinagoma kurudi.

Aliniambia, "Nenda nalo, mwanangu. Ukirudi utufundishe na sisi hizo nota, tusife na namba tu."

Hiyo sentensi ishikeni wakuu, maana yeye ndiye aliyeomba.

Chuo mwaka wa kwanza niliteseka. Wenzangu wengine walikulia nyumba zenye piano. Mimi nikipewa karatasi ya nota, naandika namba zangu chini kwa penseli ndipo nipige. Siku moja jamaa mmoja wa Dar akainyakua ile karatasi, akainyanyua juu: "Jamani, huyu kaja na namba za simu."

Darasa zima likacheka. Kuanzia hapo jina langu likawa Simu, mpaka tunaingia mwaka wa tatu.

Nilijifunza nota kwa hasira. Nilikuwa nafika chumba cha mazoezi kabla hakijafunguliwa. Mwaka wa mwisho performance nikapata A, na somo la mbinu za kufundisha nikapata A. Kuna swali lilitaka tueleze kanuni ya kumtoa mwanafunzi kwenye anachokijua kwenda asichokijua. Nilijaza kurasa nne na mifano juu. Kumbukeni hilo swali.

Nikarudi Akheri kisomo kimenipanda kichwani.

Jumamosi ya kwanza Mwalimu alikaa benchi la mbele. Daftari jipya, penseli aliyoichonga kwa kisu, miwani ameifunga kwa uzi. Nyuma yake wenzake, na vijana sita niliowatoa darasa la kipaimara. Nikachora mistari mitano ubaoni, nikatangaza kwamba kuanzia leo namba zimekufa.

Wale vijana walishika haraka. Wazee walihangaika. Badala ya kupunguza mwendo, nikaongeza.

Jumamosi ya tatu nikaanza kumsimamisha mmoja mmoja asome mstari. Ikafika zamu ya Mwalimu. Akasimama, karatasi ameishika kwa mikono miwili. Nikasogea, nikaona ameandika namba ndogo ndogo kwa penseli chini ya kila nota, kama nilivyokuwa nafanya mimi mwaka wa kwanza.

Nikaichukua ile karatasi. Nikainyanyua juu wote waione.

Nikasema, "Mwalimu, hizi ni namba za simu?"

Vijana wakacheka. Na yeye akatabasamu, akasema, "Ni kweli, mwanangu. Mazoea." Akakaa.

Wakuu, nimefika hapa nikasimama kwanza nikanywa maji. Sijui kwa nini nilisema vile. Yaani najua, ila nikijua ndiyo inauma zaidi. Nilichekwa chuo na mtu wa Dar, nikaja kukilipiza kicheko kwa mzee aliyenipa tarumbeta lake.

Jumamosi iliyofuata hakuja. Ikaletwa taarifa kwamba magoti yanamsumbua. Ya pili yake Baba Nuru hakuja, ana kazi ya kumwaga zege. Kufikia Krismasi nilikuwa nimebaki na vijana wangu sita.

Niwe mkweli, nilifurahi. Tulikuwa tunapiga safi, mchungaji akatusifu madhabahuni, hakuna tena mzee wa kuchelewesha. Wahenga walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo, mimi niliwatukana na nikawafungia mlango kabisa.

Baadaye nikapata ajira mjini, nikawa napanda Akheri wikiendi mojamoja. Tarumbeta la Mwalimu nilikuwa nalo bado. Sikulirudisha na yeye hakuliuliza.

Nilikutana naye mara moja tu uso kwa uso, Maji ya Chai, kando ya barabara. Alikuwa amekuja kutafuta miche ya parachichi.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Tarumbeta linalia?"

"Linalia."

"Usisahau kumwaga maji ukimaliza, litaoza kwa ndani."

Nikasema sawa. Nilitaka kumwambia arudi, neno lipo mdomoni kabisa. Ikapita noah ya abiria iendayo Usa, nikaisimamisha, nikapanda. Niliona kupitia kioo amesimama na miche yake ananipungia.

Mwaka jana akafariki. Moyo, walisema.

Siku moja kabla ya mazishi binti yake, dada Nsia, akanijia na lile daftari jeusi. "Baba aliacha neno. Apigiwe wa mgombani."

Nikafungua ukurasa wa huo wimbo. Namba za tarumbeta la kwanza zipo. Za besi zipo. Kwenye mstari wa tarumbeta la pili, lile lake, kulikuwa na neno moja tu: "Mimi." Mbele yake patupu. Hakuwahi kuandika kwa sababu alikuwa nalo kichwani.

Nikaendelea kufunua, labda ameliandika mbele. Kurasa za mwisho nikakuta mistari mitano imepigwa kwa rula. Ukurasa baada ya ukurasa. Nota kubwa kama punje za kahawa, chini ya kila moja namba yake. Kadiri unavyofunua, namba zinapungua. Ukurasa wa mwisho hauna namba hata moja, ni nota tupu, na zote ziko sahihi.

Alijifundisha mwenyewe, kwa njia ile ile niliyomchekea. Alianza na anachokijua akaenda asichokijua. Mimi kanuni hiyo niliipatia A kwenye karatasi.

Vijana wangu hawakujua namba, nilishazikataza. Muda wa kufundishana haukuwepo. Siku ya mazishi nikasimama peke yangu kando ya kaburi, na tarumbeta lake mkononi.

Nikapiga swali la kwanza. Nikanyamaza pale anapojibu yeye na besi. Ikawa kimya, mtu anakohoa, kamba zinasugua jeneza.

Nikanyanyua macho. Ng'ambo ya kaburi alikuwa Baba Nuru ameshika mwavuli. Vidole vyake vitatu vya mkono wa kulia vilikuwa vinabonyeza mpini. Pembeni yake mzee mwingine ameweka kofia kifuani, vidole vinabonyeza kofia. Nikaangalia mbele zaidi. Wote walikuwepo, wametawanyika kati ya waombolezaji, na wote vidole vyao vilikuwa vinajibu.

Sauti hakuna.

Nikapiga swali la pili, nikasubiri. Vidole vikajibu. Mpaka mwisho ikawa hivyo, na machozi yanaingia kwenye tarumbeta.

Watu walipoanza kutawanyika nilimfuata Baba Nuru. "Shikamoo baba."

"Marahaba."

"Baba, kumbe bado mnaukumbuka. Kwa nini hamkusema, mngepiga?"

Akaniangalia bila hasira yoyote. "Hukutuita," akasema, akaenda kusaidia kufukia.

Ni kweli. Sikuwa kipofu, nilijua wapo pale msibani tangu asubuhi. Niliona aibu kuwaomba.

Tarumbeta nililirudisha kwa dada Nsia wiki ile ile. Alilipokea, akalifuta kwa kanga, akaliweka ndani. Hakusema nibaki nalo, na sikutegemea aseme.

Sasa hivi Jumamosi napanda Akheri. Nilikwenda nyumba kwa nyumba kuwaomba radhi wazee, wanne wamerudi. Vijana wanafundishwa namba na Baba Nuru, na mimi nazihamishia kwenye nota, zote mbili kwenye ukurasa mmoja. Mkali kweli yule mzee, ukikosea unaimba namba peke yako.

Ila wa mgombani una shimo. La kwanza tunalo, besi tunalo, la Mwalimu hatuna. Baba Nuru anakumbuka mwanzo tu, mwingine anabisha kwamba haukuwa hivyo. Mimi nilisimama kando yake miaka saba na sikumsikiliza, nilikuwa najisikiliza mwenyewe. Kwa hiyo tukifika pale tunamwachia nafasi yake kimya, halafu tunaendelea.

Nilichojifunza ni hiki. Watu wako wakikupa nafasi ya kwenda kusoma, cheti ni chako lakini safari ni yao. Na ukimdhalilisha aliyekufundisha, hakugombezi. Anaondoka na kile ambacho hajakuandikia.

Povu ruksa wakuu, ninastahili. Walimu wenzangu mliowahi kufanya kosa la namna hii, nielezeni mliwezaje kulala.

Na ombi moja kwa watu wa Meru. Kama ulishawahi kuzika kwenu huko Akheri wakaja wale wazee wa tarumbeta, na kuna mtu alirekodi kwa simu, naomba mnitafute PM. Picha ikiwa mbaya haidhuru. Hata kama ni sekunde kumi, hata kama kuna mtu analia juu yake.

Nitamsikiliza safari hii.