Bei ya Kurudisha Uchafu

Kuna watu wanaojua kutaja bei na kuna watu wanaojua kufanya kazi, na aliyejaliwa vyote viwili huyo humshiki. Mama Ngazi alijaliwa cha pili tu. Kazi angekufanyia hata ukimwamsha usingizini. Lakini muulize bei! Ulimi unaganda, macho yanatafuta mlango, na jibu ni lile lile: "Chochote ulicho nacho, bosi." Chochote! Haya nawauliza nyie, nani mwenye akili timamu atatoa zaidi ya chochote?

Jina hilo alipewa kazini. Kwa miaka kumi na tisa alisugua ngazi za jengo la ofisi, ghorofa sita, amepiga magoti, ndoo huku, brashi kule, viatu vya wakubwa vikipita karibu na pua yake. Magoti yalishaota sugu kama visigino. Halafu siku moja, akitoka kazini, akaona kijana wa kuosha magari ameshika mashine ya presha, akasimama kumtazama nusu saa nzima. Maji hayakumshangaza. Kilichomshangaza ni kwamba yule mtu alikuwa anasafisha huku amesimama. Amesimama wima, kichwa juu, kama binadamu!

Basi, mwenzangu, hakulala. Akavunja kibubu cha miaka sita, akanunua mashine, mpira mrefu, sahani ya kuzunguka ya kuoshea sakafu na mabuti meusi yaliyomzidi saizi moja. Akaomba likizo ya wiki mbili. Msimamizi wake akampa, ila kwa sharti: Jumapili ya pili, saa kumi na moja jioni, anapanga zamu. Jina likiandikwa, Jumatatu arudi kwenye ndoo yake. Lisipoandikwa, kuna mtu anaisubiri hiyo nafasi, na hakuna kurudi.

Mji wenyewe ulimfaa. Hewa ya pale ni jasho mwaka mzima. Shati unalianika asubuhi, jioni unalianua bichi. Zege la njia za magari, kuanzia getini mpaka gereji, huota ukoga wa kijani, kijani kinageuka cheusi, na watu wanateleza mpaka wanazoea. Kazi ilikuwa tele. Bei ndiyo ilikuwa shida. Katika siku kumi za kwanza Mama Ngazi aliosha nyumba nne, na malipo yake yalikuwa soda mbili, beseni lililokwisha kutumika, nauli, na "Mungu akuzidishie."

"Mungu atanizidishia, ila petroli haizidishi," alimwambia mumewe.

Mumewe, fundi viatu, mtu mpole mwenye misumari midogo mdomoni muda wote, akaamua kumfundisha. Kila jioni anakwenda nje ya mlango, anabisha hodi, anaingia kama mteja, kifua mbele. "Mama, kuosha njia yangu ni bei gani?" Mama Ngazi anafungua mdomo, anamwona mumewe alivyojitutumua, anaangua kicheko mpaka anakaa chini. Wakajaribu usiku mmoja, miwili, mitatu. Siku ya nne mumewe naye akashindwa, misumari ikamtoka mdomoni, wakaitafuta sakafuni wote wawili huku wanacheka. Bei haikutajwa.

Ijumaa, zikiwa zimebaki siku mbili, akapigiwa simu na muuguzi mmoja wa mtaa wenye nyumba tisa zinazotazamana. "Dada, nimesikia habari zako. Njoo kesho uwaonyeshe majirani zangu unavyofanya. Nitawaambia wakufungulie." Na kweli aliwaambia. Akaandika kwenye kundi la simu la mtaa: "Kesho anakuja mama wa kuosha njia za magari. Mfungulieni mageti." Akalala zake. Hakuandika kuhusu bei, hakuandika kwamba ni maonyesho. Watu wakasoma wanavyotaka kusoma, na watu hupenda kusoma neno bure hata pale lisipoandikwa.

Jumamosi Mama Ngazi alifika alfajiri, mashine kwenye mkokoteni. Muuza mashine alikuwa amemfundisha siri moja ya kazi hii: mteja muonyeshe sampuli. Mraba mmoja, mita kwa mita, na usiupige pembeni. Pembeni mtu anasahau. Upige katikati kabisa, hatapata usingizi.

Akaingia nyumba ya kwanza. Alifagia majani, akamwagia maua maji safi ili dawa isiyaunguze, akapaka klorini iliyozimuliwa, akasubiri robo saa bila kuiacha ikauke, maana kwenye hewa ile ukoga usipouua kwanza kwa dawa, ukiutoa kwa maji matupu, baada ya wiki tatu umerudi na ndugu zake. Kisha akashusha sahani. Wrrr! Zege likatoka jeupe, safi, jipya. Mama Ngazi akapiga kigelegele peke yake. Akaenda ya pili, ya tatu, wafanyakazi wa ndani wanamfungulia, yeye anaimba, mabuti yanasema kwa-chwi kwa-chwi. Kufika adhuhuri nyumba zote tisa zilikuwa na mraba mweupe katikati ya njia. Akarudi nyumbani na furaha mpaka akamkanyaga paka.

Jioni wenye nyumba wakarudi. Wee! Kundi la simu likawaka moto. "Nani kaniachia leso katikati ya uwanja?" "Mimi nilidhani anaosha yote!" "Gari langu sasa nikiliegesha linaonekana limekaa juu ya sahani!" Muuguzi akajaribu kueleza, asisikilizwe. Mwenyekiti wa mtaa, karani mstaafu wa mahakama, akaandika kwa kifupi: mhusika afike kwake Jumapili saa tisa alasiri, bila kukosa.

Mhusika akafika, mashine yake kwenye mkokoteni. Akawakuta majirani wote wamesimama kuuzunguka mraba wa Mwenyekiti, mikono nyuma, kama watu waliokuja kutambua mwili. Mwenyekiti alikuwa amevaa suruali iliyopigwa pasi hadi mikunjo inakata, na mkononi ana fimbo ya kuonyeshea.

"Hiki," alisema akiugusa mraba, "ni kielelezo cha kwanza. Mama, ni wewe uliyefanya kitendo hiki?"

"Shikamoo, mzee. Ni mimi."

"Marahaba. Ijapokuwa shikamoo haifuti kosa." Akageukia watu. "Njia yangu ilikuwa chafu, sikatai. Lakini ilikuwa chafu sawasawa! Uchafu umeenea, una heshima zake, mgeni anaingia wala hashtuki. Sasa mgeni akiuona mraba huu, papo hapo anajua kumbe kote kwingine tunaishi kwenye matope. Huyu mama hakusafisha kitu. Ametuumbua!"

"Kweli kabisa!" wakaitikia.

"Ninachodai ni kimoja. Airudishe hali kama alivyoikuta. Arudishe uchafu wetu."

"Arudishe!" wakapaza sauti, na bibi mmoja wa nyumba ya saba akaongeza, "Na wangu wote, asibakize!"

Mama Ngazi alisikia lile neno lake la miaka yote, sawa mzee, linampanda kooni. Angesema sawa, angetafuta matope, angepiga magoti ayapake. Magoti! Akaiona ndoo. Akaziona ngazi, ghorofa sita, na zamu inapangwa baada ya saa mbili kasoro. Moyo ulimuuma hasa, akataka kulia. Lakini lililotoka halikuwa kilio. Cheko la kichaa lilimjia, akalikohoa lishuke, na alipofungua mdomo akasikia sauti tulivu ya mtu asiyemjua.

"Hakuna shida, mzee. Nitarudisha. Uchafu wako ulikuwa wa miaka mingapi?"

Mwenyekiti hakulitarajia swali. "Tangu tujenge. Kumi na mmoja."

"Wa miaka kumi na mmoja sina. Naweza kukupa wa miezi sita, nao ukikua utafanana. Kwanza mbegu ya ukoga. Siwezi kuokota mbegu ya ovyo, lazima nikwangue kwenye zege la umri huo huo: elfu tano. Turubai la kivuli, maana ukoga haupendi jua: elfu nane. Kumwagilia asubuhi na jioni kwa miezi sita: elfu ishirini. Na nimeona hapa palikuwa na doa la oili. Gari lako linavujia kulia au kushoto?"

"Kushoto," alisema Mwenyekiti, kabla hajajizuia.

"Oili ya kushoto elfu tatu. Na ulinzi, mtu asije akaukanyaga ukiwa mchanga, elfu nne. Jumla elfu arobaini kwa mraba mmoja."

Halafu muuguzi akatoa sauti kama birika linaloanza kuchemka.

"Na kuosha njia nzima ni ngapi?" Aliyeuliza alikuwa mke wa Mwenyekiti, amekaa kibarazani na kikombe chake.

"Mia tano kwa mita moja ya mraba, mama. Yenu nimeipima, mita sitini. Elfu thelathini." Mama Ngazi akageuka kutazama nani kasema. Alikuwa yeye! Bei imetoka, nzima, ina kichwa na miguu, na mbingu haikuanguka.

"Yaani kuchafua kipande ni ghali kuliko kusafisha kote?"

"Uchafu mzuri una gharama zake."

Basi hapo mtaa ukavunjika mbavu. Muuguzi alijishika ukuta. Bibi wa nyumba ya saba alilia machozi akaomba atajiwe bei ya utando wa buibui. Mwenyekiti peke yake ndiye aliyekaza uso, ingawa ndevu zilikuwa zinamchezacheza.

"Elfu thelathini kwa kumwaga maji!" alifoka. "Maji nami ninayo!"

"Ndani yake kuna petroli, kuna dawa, na siku nzima ya mgongo wangu, mzee."

"Mgongo ninao pia. Mashine naweza kukodi. Hebu lete hiyo bunduki ya maji."

Mama Ngazi akaduwaa. Watu waliacha kucheka, wakaanza kutazamana, na aliona wazo likipita kutoka uso hadi uso: kumbe tunaweza kujifanyia wenyewe. Akaogopa kuliko mwanzo. Lakini mzee ameomba, utamnyimaje? Akawasha mashine. Mwenyekiti akachungulia kwenye sanduku la pua za mashine, akachagua ile nyembamba kuliko zote.

"Hiyo ni ya kukwangulia kutu kwenye chuma, mzee. Zege italitafuna. Chukua hii pana, na uishike mbali na—"

"Nimekaa mahakamani miaka thelathini na mmoja. Bomba la maji litanishinda?"

Likamshinda. Alipobonyeza, bunduki ilimrusha nyuma hatua tatu, maji yakachora mstari kwenye zege, yakapanda geti, yakamvua bibi wa nyumba ya saba kilemba, yakarudi chini yakachora mwingine. Alilowa kichwani mpaka miguuni. Na nyie, hamtaamini: yule mzee alicheka! Alicheka hihihi kama mtoto aliyerukia dimbwi, akachora wa tatu, akachora wa nne, akajaribu hata kuzungusha duara. Mkewe kibarazani kikombe kilimponyoka. "Baba watoto! Acha! Unatuharibia nyumba!" Naye hakuweza kumaliza kwa kucheka.

Mashine ilipozimwa, wote wakainama. Njia ya Mwenyekiti ilikuwa na mistari kama punda milia, na kila mstari zege limeliwa, limekuwa na vishimo.

"Itafutika?" aliuliza Mwenyekiti kwa sauti ndogo, suruali inachuruzika.

"Haifutiki, mzee. Na vile vishimo ndivyo nyumba za ukoga. Mvua mbili tu, utakuwa na kijani cha mistari." Akavuta pumzi. "Yako sasa ni thelathini na sita. Sita ni za saruji nyepesi ya kuvijaza."

"Zimepanda!"

"Kazi imepanda."

"Kwa nyumba tisa hutatupunguzia kidogo?"

"Nane nitazipunguzia."

Wakapiga makofi. Mwenyekiti akatazama mistari yake, akamtazama mkewe, akajinyoosha kwa heshima yote iliyombaki. "Wanaokubali wanyooshe mikono." Mikono minane ikaenda juu. Wake ukafuata, pole pole, maji yakitiririka toka kwenye mkono wa shati mpaka kwapani. Muuguzi akamkumbatia Mama Ngazi, wakarukaruka pamoja, mabuti yale makubwa yakikaribia kumtoka.

Simu ikaita mfukoni mwake. Saa kumi na moja kamili. Msimamizi.

"Mama Ngazi, kalamu ninayo mkononi. Niandike jina lako au nisiandike?"

Akaegemea geti huku anatabasamu. "Usiandike, bosi."

Kisha msimamizi akashusha sauti, sauti ambayo hakuwahi kumsikia nayo kwa miaka kumi na tisa. "Sasa wiki hii wageni wa bodi wanakuja, na huyu mpya hata brashi hajawahi kushika. Njoo basi hata siku moja tu, mama. Nisaidie."

Mama Ngazi akayatazama mageti tisa, akahesabu siku kwa vidole.

"Alhamisi naweza," alisema. "Hiyo kalamu usiiweke chini, bosi. Andika hapo ghorofa sita, halafu nikutajie bei."