Jembe Getini

Juzi, huko Kisarawe, nilimkuta mama mmoja amezuiwa kwenye geti la shamba la kampuni, jembe begani. Ramadhani inakaribia, wakati wa kusafisha makaburi, na ya wazee wake yamebaki ndani ya uzio.

"Ingia, ila jembe liache," alisema mlinzi, kijana wa kijiji hichohicho. "Bosi akiliona atasema mmerudi kulima."

"Sasa kaburi la mama nilipalilie kwa kucha?"

Mlinzi akageuka kutazama ofisini, akageuka tena, kisha akafungua geti nusu.

"Pita haraka, shangazi. Nipalilie na la babu. Mimi nikionekana huko, kazi sina."

Kampuni walipochukua ardhi ya kijiji waliwaahidi vijana ajira. Tusiseme uongo, ajira wamepata: wanawalinda babu zao wasije wakatembelewa.