Alivyokuwa Akilala

Wenzake ofisini walimwita Bi Jalada, naye hakuona kosa, maana kutwa hakuachana na majalada yake. Kwa miaka kumi na mmoja alifanya kazi moja tu: kuwatafuta wazazi wa watoto waliojeruhiwa vitani wakapandishwa ndege kwenda kutibiwa ng'ambo. Ndege hizo ziliondoka kwa pupa. Mtoto alifungwa karatasi mkononi, ikaandikwa jina la aliyemleta, basi. Aliyemleta mara nyingi alikuwa mpita njia tu.

Fomu ya ofisi iliuliza alama za mwilini, na Bi Jalada aliona mapema kwamba hapo ndipo walipokuwa wakipotezana. Mama angeeleza kovu la shavuni, kumbe madaktari walikwisha kulitengeneza likafutika. Basi pembeni mwa kila fomu iliyopita mezani kwake akawa anaongeza swali lake kwa kalamu: alikuwa akilalaje? Swali hilohilo akawaandikia wauguzi wa huko ng'ambo. Mkuu wake alimtania kwamba fomu hizo zingemfaa muuza magodoro. Akamjibu kwa upole kuwa daktari hushona ngozi, hashoni usingizi.

Asubuhi moja mwenzake aliugua, na wageni wake wakahamishiwa kwa Bi Jalada. Miongoni mwao alikuwamo fundi cherehani, mwanamke mwembamba, pini zikiwa zimesahaulika kolani. Alikuwa anakuja mara ya tisa. Binti yake aliungua akiwa na miaka miwili, siku ambayo yeye mwenyewe alikuwa amezimia chini ya kifusi. Alipozinduka aliambiwa dereva mmoja wa lori amembeba mtoto akakimbia naye. Miaka sita ilikuwa imepita. Majibu ya kovu aliyajua kwa moyo, akayatoa kabla hajaulizwa.

Bi Jalada akamuuliza la usingizi.

Fundi alisema mtoto alilala kama watoto wote. Kisha mkono wake ukapanda wenyewe sikioni.

"Alikuwa akinishika ndewe, dada. Nikimtoa, analia. Mume wangu marehemu akisema sikio hili litaburuta chini kabla mtoto hajaanza shule."

Bi Jalada hakucheka. Aliinuka akaenda kabatini, kwenye jalada la msichana aliyeandikwa kuwa mtoto wa dereva. Dereva huyo alikwisha kufa, na ndugu zake walisema hakuzaa. Ndani mlikuwa na barua ya muuguzi: mtoto huyu hasinzii mpaka ashike sikio la mtu, na sisi wa zamu ya usiku tumezoea kuinama. Bi Jalada aliisoma mara tatu. Akakaa juu ya boksi la karatasi. Moto, visu vya madaktari na lugha ya kigeni vyote vilipita juu ya mtoto yule, visiguse jambo dogo namna ile.

Vipimo vya vinasaba vilithibitisha. Lakini mahakama ya huko ilisema mtoto ana miaka minane, anapendwa na waliomlea, na hatahamishwa bila ridhaa yake. Aje kwanza amwone mama, kisha aseme mwenyewe.

Mtoto alikuja na yule muuguzi wa barua, aliyekuwa amejifunza lugha ya hapa kwa wagonjwa wake. Msichana mwenyewe alikuwa mrefu, ngozi ya shingoni iking'aa kama karatasi laini. Alimpa fundi mkono, kama mgeni. Bi Jalada, aliyesimama mlangoni, alikwisha kuona wazazi wakimrukia mtoto, na mtoto akakimbilia nyuma ya kabati. Fundi hakuruka. Aliushika mkono ule, akauachia ulipotaka kuondoka, akaketi.

Msichana akamnong'oneza muuguzi.

"Anauliza akuite nani," muuguzi akasema. "Kule ana mtu anayemwita mama."

Fundi alitazama sakafu, kisha akamgeukia muuguzi.

"Mwambie jina hilo asimnyang'anye aliyemlea. Huyo amefanya kazi yangu nilipokuwa siwezi. Mimi aniite fundi, kama mtaa mzima."

Muuguzi alitafsiri. Bi Jalada alikuwa na karatasi za kutiwa saini mkononi, akajikuta amezificha nyuma, kama mtu aliyeingia mahali pa ibada na mzigo wa sokoni. Hakujua mwanadamu anaweza kusubiri miaka sita kwa ajili ya neno moja, kisha akaliachia.

Msichana alimtazama fundi, safari hii usoni. Akauliza jambo fupi.

"Anasema, kwako ni mbali? Mtakwenda kwa miguu?"

Fundi alikuwa amekwisha kuinuka, anatafuta mkoba wake. Ndipo Bi Jalada akajibu kwa niaba yake.

"Si mbali. Mwambie avae viatu vya kutembea."