Dumu Lenye Mbuzi wa Miguu Mitatu

Wewe unayenisikiliza, hiyo chupa iliyo mkononi mwako usiitupe kwanza. Iweke hapo chini, ukae, nikueleze nilivyojifunza kutotupa. Sikujifunza kwa wema. Nilijifunza kwa wivu, na nitakueleza polepole, maana hata mimi nilichelewa kuelewa.

Ilikuwa miaka ya ruksa, maduka yalipoanza kujaa. Kabla ya hapo tulizoea kupanga foleni ya sabuni, na mtu akipata ndoo aliitunza kama mali ya urithi. Kisha bidhaa zikaja kwa mkupuo: mabeseni ya kila rangi, vikombe, madumu ya manjano ya mafuta ya kula, na ile mifuko ya nailoni ambayo muuza duka alikupa hata ukinunua kiberiti. Mume wangu alikuwa karani wa serikali aliyehamishiwa Dodoma, tukapanga vyumba viwili Chang'ombe. Nilinunua. Kilichopasuka nilitupa, kilichopauka nilitupa, nikaona huko ndiko kuendelea.

Uwanja wetu ulikuwa mmoja na wapangaji wawili. Upande wa pili aliishi mwanamke wa rika langu kutoka Chemba, ambaye akizungumza na dada yake kwa lugha yao ya kugonga ulimi nilisimama kusikiliza hata kama chungu kiko jikoni. Chumba cha katikati kilikuwa cha mwenye nyumba, bibi wa Kigogo mwenye maneno makali na kifua kibovu. Gari la taka la manispaa halikuwa likifika mtaani kwetu, kwa hiyo kila kitu kilikwenda kwenye shimo lililokuwa nyuma ya nyumba, karibu na ua wa minyaa. Kuchoma bibi alikataza. Moshi wa nailoni ulimkohoza siku nzima.

Usafi ulikwenda kwa zamu, wiki yangu, wiki yake. Taka za ndani kila mmoja alizikusanya kwenye gunia lake, akazimwaga shimoni kwenye zamu yake tu. Jumamosi asubuhi bibi alisimamisha fito ndefu shimoni na kufunga kitambaa pale ilipolingana na ukingo. Shimo lilivyojaa, kitambaa kilizidi kushuka kwenye fito. Wiki zangu kilishuka shubiri nzima. Wiki za jirani kilishuka upana wa kidole.

Jumamosi moja bibi aliniita.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Kwani kwako mnapika nini? Mnapika nailoni?"

Nikacheka ili aone ni utani. Yeye hakucheka.

"Sikiliza. Shimo hili likijaa nitachimba jingine, na nafasi zimebaki mbili tu. Pale penye jiko la mwenzako, au pale penye mchicha wako. Kila Jumamosi ninaona anayejaza ni nani. Huyo ndiye atakayelala na shimo mlangoni."

Mchicha wangu ulikuwa matuta mawili tu. Mbegu alinipa mama yangu siku niliyoondoka nyumbani, akazifunga kwenye pindo la khanga. Kiangazi cha Dodoma kinapokaza, vumbi likapanda mpaka kwenye kope, matuta yale ndiyo yalikuwa kijani pekee nilichokiona kutoka mlangoni. Niliyanywesha maji ya kuoshea mchele, na siku nyingine maji ya kunywa, kwa siri. Leo ninaambiwa patakuwa shimo la taka.

Mtu mwenye akili angejiuliza afanye nini na taka zake. Mimi nilimtazama jirani.

Ukweli ni kwamba nilikuwa nimemwonea kijicho tangu zamani. Alikuwa na ndoo iliyopasuka ubavu, akaishona kwa kisu cha moto na kipande cha beseni kuukuu, na ile ndoo yenye kovu haikuvuja hata tone, wakati yangu mpya ilikuwa imeshapata ufa. Kata yake ya kuchotea maji ilikuwa nusu ya dumu, mkono wake ukiwa mkono uleule wa dumu. Kamba yake ya kuanikia ilikuwa ya mifuko ya nailoni aliyoikata vipande virefu na kuisuka kwa nyuzi tatu. Mlangoni alitundika kibuyu chirizi, dumu lenye tundu dogo, ambalo watoto walinawia uso kwa maji yasiyojaa kikombe. Binti yangu, mwenye miaka sita, alikwenda kunawa kwake wakati kwetu beseni la waridi limejaa maji.

"Kwa nini unakwenda kwa watu?"

"Ya kule yanachirizika, mama."

Hata mume wangu. Jioni moja alikaa akimtazama jirani anavyosuka, kisha akasema, "Mwenzako anajua maisha."

"Hamia kwake," nikamjibu, "akakutoboe tundu utundikwe mlangoni."

Alicheka mpaka akapaliwa na chai. Mimi sikuwa natania. Nililala nikiwaza ile kata. Unaweza kuona ni upuuzi, mtu kuonea wivu dumu lililokatwa, lakini wivu hauchagui kitu kikubwa. Kilichoniuma ni kwamba vile vyote nami nilikuwa navyo. Tofauti ni kwamba vyangu vilikuwa shimoni.

Basi nikapanga hila. Wiki yangu sikumwaga gunia, nililificha uvunguni mwa kitanda. Jumamosi bibi akapima, akaniangalia, akasema, "Leo umefunga?" Wiki iliyofuata ilikuwa zamu ya jirani. Siku ya Ijumaa, adhuhuri, alipokwenda kupanga foleni ya maji kwenye kioski, nikalichukua gunia lile pamoja na jingine la wiki ile na kuyamwaga yote shimoni, nikafunika kwa majani makavu aliyoyafagia. Taka zikapanda karibu na ukingo. Nilinawa mikono nikanywesha mchicha, moyo ukinidunda kwa furaha ambayo leo siisemi bila kuona aibu.

Jumamosi nikatoka mapema nisikose. Bibi alikuwa ameshika fito, anakitazama kitambaa. Kilikuwa kimeshuka upana wa kidole.

Nikageuka. Kwenye kamba ya jirani, kutoka nguzo hadi nguzo, ilianikwa mifuko yangu ya nailoni. Imefuliwa, inapepea, wa sukari, wa dagaa, wa viatu vya mume wangu. Nguo zangu za ndani zisingeniaibisha hivyo. Chini yake, juu ya gunia, madumu na makopo yamepangwa mstari, yameoshwa kwa mchanga mpaka yanang'aa.

"Leo umefua nini?" bibi akamuuliza.

"Mali za watu, bibi. Jana jioni nilipofagia nikazikuta shimoni, nikasema hizi zimeanguka kwa bahati mbaya."

Alisema bila kunitazama. Heri angepiga kelele. Ningempigia na mimi, tukatukanana, mambo yakaisha. Lakini hata hasira yake alikuwa ameikunja vizuri kuliko mimi ningeweza kukunja yangu, na hilo nalo nikamwonea wivu, palepale, mbele ya mifuko yangu.

Ndipo binti yangu akatoka ndani akijifikicha macho. Akaliona dumu moja la manjano na kulikimbilia.

"Mbuzi wangu! Mama, ulisema mbuzi wangu amepotea!"

Ubavuni mwa dumu kulikuwa na mbuzi aliyemchora mwenyewe kwa kalamu ya wino ya baba yake. Miguu mitatu, kwa sababu wino uliisha.

Bibi aliliangalia dumu, akaniangalia mimi. Alikwenda jikoni, akarudi na majivu kiganjani, akachora duara kubwa juu ya matuta yangu mawili. Majivu yakakaa juu ya majani ya mchicha.

"Jumatatu naita mchimbaji."

Aliyemjibu alikuwa jirani.

"Bibi, shimo halijajaa, fito si unayo mkononi? Tupe zamu nne. Kitambaa kikishuka zaidi ya shubiri moja kwa zote nne, chimba, tena kwangu, pale penye jiko."

"Wewe unamdhamini huyu?"

"Nadhamini ule mchicha. Watoto wangu wanaula kila siku, huyu anafikiri ni kuku."

Bibi akacheka, akakohoa, akakubali. Sikumshukuru jirani siku ile. Kudaiwa wema na mtu unayemwonea kijicho ni kama kulazwa kitanda kimoja naye. Jioni nikaenda mlangoni kwake na dumu la mbuzi, nikasimama.

"Dada," nikasema, "nifundishe hilo tundu."

"Mradi usitoboe kubwa. Lete msumari."

Akanieleza, nami nakueleza kama alivyonieleza. Taka za nyumba si kitu kimoja. Maganda na majivu yakaenda kwenye matuta. Nailoni nikazifua na kuzisuka, na kamba yangu ya kwanza ilikuwa mbaya, imevimba hapa, imekonda pale. Yake ilikuwa nyororo. Nikaifumua yangu mara tatu nikitazama yake kwa chati. Ndoo yenye ufa tukaishona pamoja. Dumu la mbuzi nikalitundika juu ya mchicha, ili kila anayenawa uso ainyweshe mboga. Taka zilizobaki za kutupa hazikujaza hata robo ya gunia.

Zamu nne zikapita. Kitambaa kilishuka vidole vitatu. Bibi hakunipongeza, alifagia tu mabaki ya lile duara la majivu kwa mguu wake na kusema mchicha ule unahitaji kupunguzwa. Kisha akaisifu kamba ya jirani.

Wivu haukuniisha. Mwenzangu alipojenga Nzuguni na kuhama, nilibeba mabeseni yake mpaka barabarani, nikarudi nikiwaonea kijicho majirani zake wapya, ambao hata sikuwajua. Alikuwa ameniachia ile ndoo yenye kovu.

Basi sasa chukua chupa yako. Pasha moto msumari mwembamba, utoboe tundu moja tu ubavuni, vidole viwili kutoka chini. Jaza maji, kaza kifuniko mpaka yaache kutoka, uitundike kwa kamba juu ya mboga yako. Ukitaka kunawa, legeza kifuniko. Ukimaliza, kaza tena.