Sala ya Basi, Safari ya Ndege

Miaka ile ya themanini, kutoka kwetu Kisumu hadi Nairobi sisi tulijua njia moja tu: basi. Unapanda jioni, unapita Ahero, Kericho meno yanagongana kwa baridi, Nakuru unashuka kunywa chai, na Nairobi unafika asubuhi miguu imevimba. Kwa hiyo shemeji, mume wa dada yangu, alipopiga simu alfajiri kutoka Nairobi kwenye duka la jirani, kusema amemlipia mama tikiti ya ndege, tulichanganyikiwa. Eti safari haifiki hata saa moja! Nani alishasikia jambo kama hilo?

Lakini dada alikuwa ameshikwa na uchungu. Mimba yake ya kwanza, mama alienda kwa basi, akakuta mtoto amezaliwa na kufa, dada amelala peke yake ameelekea ukutani. Safari hii alikuwa ameomba kitu kimoja tu: mama awepo. Nilimpenda sana dada yangu, na asubuhi ile roho yangu ilikuwa mkononi.

Sasa, kwetu msafiri haondoki bila kuombewa, na mwombaji wetu alikuwa Waya, ndivyo tunavyomwita shangazi kwa Kijaluo. Waya huomba barabara nzima, mji kwa mji. Taksi inapiga honi nje, yeye amefumba macho: "Baba, mlinde Ahero, mafuriko yasibebe daraja. Mlinde Awasi, ng'ombe wasikatize barabara. Mlinde Kericho, dereva asisinzie kwenye ukungu..."

Nikafumbua jicho moja. Mama amekumbatia kikapu, jasho linamtiririka, hathubutu kuinuka. Yawa! Ndege ya watu itaondoka, na sisi bado tunapanda mlima wa Kericho!

"Amina!" nikapaza sauti.

Wote, kwa mazoea, wakaitikia Amina na kusimama.

"Wewe msichana!" Waya akang'aka. "Unazima maombi kama redio?"

"Waya, utanichapa baadaye. Mama, twende!"

Mama alikuwa wa mwisho kupanda ngazi za ndege, kikapu cha kuku wa kukaanga kichwani. Mimi na Waya tulirudi kwa miguu, tukapitia soko la Kibuye kununua mboga. Tulipofika nyumbani Waya akaniamuru: "Piga magoti. Umemwacha mama yako Kericho."

Nikapiga. Ningefanyaje? Akaendelea pale pale nilipomkatiza: malori ya Nakuru, punda wa Naivasha, kila mmoja na ombi lake.

Mara jirani mwenye duka akaingia mbio, leso inamdondoka. Shemeji alikuwa amepiga tena.

"Mama yenu amefika! Ameingia wodini, amemshika binti yake mkono, na mtoto ametoka. Msichana, mzima, analia mpaka anasikika kwenye simu!"

Nikaangua kilio cha furaha. Waya akainua kichwa, bado yuko magotini.

"Amefikaje, na mimi bado niko Naivasha?"

Tulicheka hadi tukashika mbavu. Kisha Waya akajipangusa macho, akanishika mkono, akayafumba tena.

"Huyo mtoto naye lazima aje kutuona," alisema. "Ngoja nianzie huko kwake."

Akaanza Nairobi, polepole, akija na barabara yote kuelekea kwetu. Na mimi sikumharakisha.